SOMA ANWANI KABLA YA KUBONYEZA

Hotuba kwa waweka hazina na makatibu wa vikundi vya maendeleo, Meru na Embu

Tunawashukuru kwa kufika mapema, na hasa mliotoka Siakago, Ishiara na Laare, maana tunajua mliamka kabla ya jogoo.

Mada ya leo mliichagua wenyewe. Mlisema mnataka kujua zile linki zinazoletwa na barua pepe, ujumbe mfupi na WhatsApp: ni ipi ya kweli, na ni ipi ya wakora? Ni swali zuri. Zamani mwizi aliyetaka pesa za kikundi ilimbidi avunje sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake ziko kwa akina mama watatu tofauti. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, na benki nazo zikaingia ndani ya simu, sanduku letu ni simu ya mweka hazina. Kufuli ni PIN na neno la siri. Mwizi wa siku hizi havunji kitu. Anakuomba ufunguo, nawe unampa kwa mkono wako mwenyewe.

Hebu tuone anavyouomba.

Mtego ni nini?

Sisi wakulima tunamjua fuko. Ukitaka kumnasa humfukuzi shambani, unategea njia anayopita kila siku. Mkora wa mtandao naye hufanya hivyo hivyo. Anajua njia zetu za kila siku: ushuru wa KRA, eCitizen, karo, stima, mkopo, kazi ya ng'ambo, ruzuku ya kikundi. Anatengeneza ukurasa unaofanana kabisa na ule wa kweli, rangi ile ile, nembo ile ile. Kisha anakutumia ujumbe: "Akaunti yako itafungwa leo," au "Pesa zako ziko tayari, thibitisha hapa." Ukibonyeza unafika kwake. Ukijaza nambari ya kitambulisho, neno la siri au PIN, umemjazia yeye.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba ujumbe wa wakora hujulikana kwa lugha mbovu. Hiyo ilikuwa zamani. Leo kuna programu za akili bandia zinazoandika Kiingereza na Kiswahili safi kuliko cha wengi wetu hapa. Jina la mtumaji nalo si ushahidi, kwa sababu jina linaweza kughushiwa. Kinachobaki, ambacho mkora hawezi kukificha kabisa, ni anwani yenyewe ya ule ukurasa. Kwa hivyo somo letu kubwa leo ni kusoma anwani.

Maandishi ya gunia na kilicho ndani ya gunia

Jambo la kwanza: maneno unayoyaona si lazima yawe ndiyo linki yenyewe. Gunia linaweza kuandikwa "Kahawa daraja la kwanza" na ndani kumejaa mbuni. Ndivyo ilivyo kwenye barua pepe. Mtu anaweza kuandika kwa rangi ya buluu "Ingia KRA hapa," au hata akaandika anwani kamili ya kweli, lakini chini ya maneno hayo ameficha anwani nyingine. Jicho linasoma moja, kidole kinaenda kwingine.

Tufungueje gunia tuone ndani? Kwenye kompyuta, peleka kile kimshale cha mausi juu ya maneno yale, usibonyeze. Angalia chini kabisa ya dirisha, mara nyingi upande wa kushoto, utaona anwani halisi. Kwenye simu, mara nyingi ukishikilia linki kwa kidole bila kuachilia, anwani nzima itatokea pamoja na maswali kama vile kama unataka kuinakili. Isome, kisha funga. Lakini fanyeni pole pole. Kidole kikiteleza, linki inafunguka.

Anwani husomwa kutoka nyuma

Sasa tumeiona anwani. Tuisomeje? Hapa ndipo wengi wanapotegwa, hata waliosoma sana.

Fikirini bahasha ya posta. Ukiandika "Nkubu, Meru, Kenya," jina la mwisho ndilo kubwa, linabeba yote yaliyotangulia. Sasa mtu akiandika "Nkubu, Meru, Kampala," barua hiyo itaenda wapi? (Wengi walijibu: Kampala!) Naam, Kampala. Hata ukiweka Meru mara kumi mbele yake, barua itaenda Kampala.

Anwani ya mtandao ni vivyo hivyo. Ruka ile "https://" ya mwanzoni, halafu tafuta mkwaju wa kwanza, yaani kile kijimstari kilichoinama, "/". Simama hapo. Sasa rudi nyuma, soma kutoka kulia kwenda kushoto. Maneno yaliyo karibu kabisa na mkwaju huo ndiyo mwenye nyumba. Yaliyo kushoto zaidi ni vyumba tu, na mwenye nyumba anaweza kukiita chumba chake jina lolote analotaka.

Tuchukue mfano wa kweli: itax.kra.go.ke. Kutoka nyuma: "ke" ni Kenya, "go" ni serikali, "kra" ni mamlaka ya ushuru, "itax" ni chumba chake. Hiyo ni sawa.

Sasa huu tumeutunga sisi wenyewe kwa ajili ya somo, msiujaribu: kra.go.ke.rudisha-ushuru.com/fomu. Macho yanaona KRA mara moja na roho inatulia. Lakini simama kwenye mkwaju, rudi nyuma: "com," kisha "rudisha-ushuru." Huyo ndiye mwenye nyumba. Zile "kra.go.ke" ni vyumba alivyovipaka rangi. Barua yako inaenda Kampala.

Kuna pia ujanja wa kistari. Nukta hutenganisha vyumba na nyumba, lakini kistari hakitenganishi kitu. Kwa hiyo "ecitizen-go-ke.com" si eCitizen hata kidogo. Ile ya kweli ni ecitizen.go.ke, nukta na nukta.

Miisho ya Kenya

Ni vizuri tujue miisho inayotumika kwetu. ".go.ke" ni ya ofisi za serikali, haiuzwi kwa kila mtu. ".ac.ke" ni ya vyuo, ".sc.ke" ni ya shule, ".or.ke" ni ya mashirika yasiyotafuta faida, na ".co.ke" ni ya makampuni na biashara.

Lakini tusifanye jambo hili kuwa dawa ya kila ugonjwa. Kampuni ya stima, Kenya Power, hutumia kplc.co.ke, wala hakuna kosa hapo. Nayo ".co.ke" mtu yeyote mwenye shilingi zake anaweza kuinunua. Kwa hivyo mwisho wa ".co.ke" haukuthibitishii kwamba mwenyewe ni mwaminifu. Unachoweza kusema kwa nguvu ni hili: mtu akidai anatoka KRA au eCitizen, na anwani yake haiishii kwa ".go.ke" kabla ya mkwaju wa kwanza, huyo mwache.

Ujanja mwingine wa kuujua

Herufi za kufanana. Sifuri hukaa mahali pa "o," moja hukaa mahali pa "l," na "r" ikifuatana na "n" huonekana kama "m," hasa kwenye simu ndogo na kwa macho yetu sisi tuliopita miaka arobaini. Kuna hata herufi za lugha nyingine, kama Kirusi, ambazo zimefanana kabisa na zetu. Mwaka 2017 mtaalamu mmoja aliunda anwani iliyosomeka "apple.com" kwa herufi za namna hiyo, na programu kadhaa za intaneti ziliionyesha kama ya kweli. Kwa hivyo jicho peke yake halitoshi. Kama ni mahali pa kuweka pesa au siri, andika anwani mwenyewe, usifuate linki.

Alama ya @ ndani ya anwani. Ukiona anwani ya ukurasa ina "@" kabla ya mkwaju wa kwanza, jua kwamba yote yaliyo kushoto kwa alama hiyo hayakupeleki popote. Unakokwenda kumeandikwa kulia kwake.

Linki fupi. Kuna kampuni zinazofupisha anwani ndefu, kama vile bit.ly na TinyURL. Si kosa kuzitumia, hata watu wema huzitumia. Lakini linki fupi ni gunia lililoshonwa mdomo, huoni ndani. Usiingize siri yoyote mahali ulipofika kwa linki fupi. Vile vile zile picha za miraba myeusi na myeupe zinazopigwa picha kwa simu: ni linki tu, ila imevalishwa nguo nyingine.

Kufuli. Tuliambiwa tukiona picha ya kufuli kando ya anwani, tuko salama. Si kweli. Kufuli inasema tu kwamba mazungumzo kati yako na ule ukurasa hayasikilizwi njiani. Haisemi unazungumza na nani. Mkora pia huweka kufuli, tena kwa bure. Google yenyewe iliondoa picha hiyo ya kufuli kwenye programu yake ya Chrome mwaka 2023, kwa sababu watu waliielewa vibaya.

Hata wakubwa hunaswa

Msidhani wanaonaswa ni wasiosoma. Machi 2016, John Podesta, aliyekuwa mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton kule Marekani, alipata barua pepe iliyofanana na ya Google. Ilisema mtu amelijua neno lake la siri, alibadilishe mara moja. Chini palikuwa na kitufe. Ndani ya kitufe mlikuwa na linki fupi, nayo ilielekea anwani iliyoanza hivi: myaccount.google.com-securitysettingpage.tk. Hebu isomeni kutoka nyuma. Mwisho ni ".tk," yaani Tokelau, visiwa vidogo katika bahari ya Pasifiki. Mwenye nyumba ni "com-securitysettingpage." Google ni chumba kilichopakwa rangi.

Kinachotuuma zaidi ni hiki. Ofisi yake ilimuuliza fundi wa kompyuta, naye akawajibu kwamba barua ile ni halali. Baadaye alieleza kwamba alikusudia kuandika si halali. Lakini katika jibu lile lile aliwapa anwani ya kweli ya Google. Wangaliitumia ile, wangalipona. Walibonyeza ile iliyokuwa ndani ya barua. Maelfu ya barua zake zilitolewa hadharani Oktoba mwaka huo.

Hapa kwetu Kenya pia, shirika la habari la Reuters liliripoti Mei 2023 kwamba wadukuzi waliingia katika mitandao ya serikali baada ya mfanyakazi mmoja kufungua hati yenye sumu mwishoni mwa mwaka 2019. Reuters iliwahusisha wadukuzi hao na China, na China ikakana. Sisi tunachochukua ni funzo tu: mlango ulifunguliwa na mtu mmoja, kwa mbonyezo mmoja.

Matangi sita

Tuwaeleze sasa kisa cha kikundi kimoja cha akina mama tunachokijua. Jina tunaliacha, maana wamelia vya kutosha. Walikuwa wamechanga kwa muda mrefu wanunue matangi sita ya maji. Katibu akapata barua pepe: "Ruzuku yenu imekubaliwa. Ingia hapa uthibitishe." Akaingia na neno la siri la barua pepe ya kikundi. Ukurasa ukasema kuna hitilafu, jaribu kesho. Akasahau.

Wakora hawakufanya haraka. Walikaa ndani ya barua za kikundi kimya kimya, wakisoma. Walijua fundi wa matangi ni nani, bei ni ngapi, na malipo ni lini. Wiki ya kulipa, mweka hazina akapata barua kutoka kwa anwani halisi ya kikundi, kwa jina la katibu, ikisema fundi amebadilisha akaunti, lipeni hii mpya. Akalipa. Pesa hazikurudi.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya kuliko hasara yenyewe. Wengine walisema katibu amekula. Mama huyo akaacha kuja mkutanoni, akaacha hata kupita njia ya soko. Ilibidi tukae nao mara tatu, tuwaonyeshe barua ile ya kwanza na anwani yake, mpaka wakaelewa kwamba dada yao aliibiwa, hakuiba. Leo amerudi, na kikundi kimenunua matangi mawili ya mwanzo.

Tunawaeleza haya kwa sababu mbili. Ya kwanza: neno la siri la barua pepe ni ufunguo wa pesa, hata kama barua pepe yenyewe haina shilingi ndani. Ya pili: aibu ni rafiki wa mwizi. Mama yule angalisema siku ile ile, "Nimejaza mahali sipaelewi," neno la siri lingebadilishwa na matangi yote sita yangekuwepo.

Ukishabonyeza, ufanye nini?

Kwanza, usikate tamaa. Kufungua ukurasa bila kujaza kitu wala kupakua kitu mara nyingi hakuleti hasara. Funga, na usirudi.

Kama ulijaza neno la siri, libadilishe sasa hivi, kwa kuandika anwani ya kweli mwenyewe, na ikiwezekana kwa simu au kompyuta nyingine. Kama ulilitumia neno hilo hilo mahali pengine, badilisha huko kote. Kama ulitoa habari za benki au PIN, pigia benki yako kwa nambari uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyo kwenye ujumbe. Usingoje Jumatatu.

Kwa ujumbe wa wakora kwenye laini ya Safaricom, utume kwa 333, ni bure. Kampuni hiyo imetangaza kwamba huwapigia wateja kwa nambari 0722 000 000 peke yake. Mtu akikupigia kwa nambari nyingine akisema anatoka Safaricom, kata simu. Ukituma pesa za M-Pesa kwa mtu asiye sahihi, peleka ule ujumbe wa malipo kwa 456 mara moja. Wala hakuna ukurasa wowote wa intaneti wenye haki ya kukuuliza PIN ya M-Pesa. PIN huandikwa ndani ya huduma yenyewe ya M-Pesa tu.

Kisha piga ripoti polisi na uchukue nambari ya OB. Sheria ipo. Sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao ya mwaka 2018, kifungu cha 30, iliweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi 300,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au yote mawili, kwa anayetengeneza ukurasa au kutuma ujumbe wa kumtoa mtu habari zake kwa nia mbaya. Hifadhi ujumbe ule, usiufute. Ndio ushahidi wako.

Sheria nne za kikundi

Tunaomba kila kikundi kiandike haya katika kitabu cha kumbukumbu:

1. Hakuna kulipa akaunti mpya kwa sababu ya barua pepe au ujumbe. Mtu hupigiwa simu kwa nambari ya zamani, na sauti yake isikike.

2. Malipo makubwa ni macho ya watu wawili, kama zile kufuli za sanduku.

3. Barua pepe ya kikundi iwe na neno la siri lake peke yake, na iwekewe ule uthibitisho wa pili wa nambari zinazotumwa kwa simu. Nambari hizo haambiwi mtu yeyote.

4. Aliyebonyeza vibaya husema siku hiyo hiyo, na anayesema halaumiwi.

Nanyi vijana, tunawapa kazi. Wazee wetu wengi wana simu nzuri, lakini wanabonyeza kwa imani. Kaa na nyanya yako au babu yako, mwonyeshe kusoma anwani kutoka nyuma. Usimwambie akupe PIN umsaidie. Ukifanya hivyo umemfundisha jambo lile lile ambalo mkora anataka ajifunze.

Kabla hatujafunga, kila mmoja atoe simu yake. Tafuta linki moja uliyotumiwa wiki hii. Usiibonyeze. Ishikilie, soma mpaka mkwaju wa kwanza, rudi nyuma, kisha umwambie jirani yako mwenye nyumba ni nani. Asiyeelewa aulize sasa. Tuna muda, na chai bado iko jikoni.